Mambo ya kuweka sawa kabla fedha za Inua Jamii hazijachelewa na kodi ikafika

Fedha za Inua Jamii, ule mpango wa serikali ya Kenya wa kusaidia kaya zenye shida, kwa mtu mwenye ulemavu mkubwa ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na ni za kaya nzima. Kiwango hicho kimekaa pale pale miaka mingi huku unga, mafuta na kodi ya chumba vikipanda, kwa hiyo hata zikija kwa wakati zimeshapungua. Na mara nyingi haziji kila mwezi. Huja kwa mkupuo, za miezi miwili, na pengine mwezi wa tatu unaingia hujasikia mlio wa simu. Mwenye nyumba naye hangoji mkupuo, anataka chake mwezi unapoandama. Basi haya yawekeni sawa sasa hivi, siku ambayo hamdaiwi.

Kitambulisho kiwe kizima, kisomeke. Kadi ya ulemavu ya Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu iwe nyumbani, si kwa jamaa aliyeichukua "mara moja" akaenda nayo Mombasa. Toeni nakala za karatasi zote, mzifunge kwenye mfuko wa plastiki, nyingine akae nazo ndugu wa nyumba ya pili, kwa sababu makuti yakivuja hayachagui karatasi. Laini ya simu iliyoandikishwa isiachwe ikafa. Mjue mzee wa mtaa, naibu wa chifu na afisa wa ustawi wa jamii kwa sura, na wao wakujue.

Kama una ulemavu na umeajiriwa, la kwako ni cheti cha msamaha wa kodi ya mapato. Sheria inakusamehe hadi mshahara wa shilingi 150,000 kwa mwezi, lakini cheti kina mwisho wake. Kikiisha, mwajiri anakukata kama wengine, na pengo lile linatokea kwenye kodi ya nyumba moja kwa moja. Anza kukihuisha miezi kadhaa kabla.

Sasa chukueni karatasi muandike: kodi ya nyumba hii inatoka mfukoni mwa nani? Malindi nyumba nyingi nizijuazo zinaunganisha. Nusu inatoka kwenye fedha za ulemavu, nusu kwa mtoto anayefanya kazi hotelini au anayeendesha tuktuk ya mtu. Tatizo ni kwamba mifuko hii miwili inaweza kukauka pamoja. Pasaka ikipita na kusi ikianza, hoteli za hapa na Watamu zinapunguza watu au zinafunga kabisa, mvua ya masika inashuka, wavuvi wa vyombo vidogo hawatoki, na tuktuk zinazunguka tupu. Fedha za serikali zikichelewa msimu huo, hakuna wa kumkopa kwa sababu mtaa mzima umekwama. Kwa hiyo kodi ya kusi itafutwe wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, wageni wakiwapo. Na msiiweke ndani ya nyumba, maana fedha ikiwa ndani kuna mtu ataugua. Mpelekeeni mwenye nyumba kodi ya mwezi mmoja mbele, awape stakabadhi iliyoandikwa mwezi gani.

Nimefika kwenye jambo linalonifanya niandike haya yote: mlezi.

Mtu mwenye ulemavu mkubwa anasajiliwa pamoja na mlezi, na mara nyingi ni mlezi huyo anayekwenda kupokea, kitambulisho chake na alama za vidole vyake. Watu wanalichukulia jambo hili kama la kujaza fomu tu. Jirani yangu mmoja pale mtaa wa Barani, sote tunamwita Ami, alikuwa mkwezi. Alianguka kwenye mnazi akaumia uti wa mgongo, miguu haikurudi. Alipanga chumba kimoja na binti yake, kodi shilingi 3,000, na binti ndiye aliyeandikwa mlezi. Mambo yakaenda vizuri kwa miaka. Kisha binti akapata nafasi ya kazi za nyumbani Saudia. Hakuna aliyemlaumu. Angeleta zaidi ya hizo elfu mbili, na kwa miezi ya mwanzo alileta. Alipoondoka walimfunganyia nguo, wakamsomea dua, wakamsindikiza hadi kituo cha basi. La kubadilisha jina la mlezi halikutajwa na mtu.

Fedha zilipotoka, dadake Ami alichukua kitambulisho cha kakake akaenda kwa wakala. Akaambiwa vidole vinavyotakiwa ni vya binti. Akarudi akamweka Ami kwenye kiti chake cha magurudumu, wakamsukuma juani hadi pale pale, tairi moja halina upepo. Ami akaweka kidole, mashine ikakataa. Akauliza, "Si mimi ndiye niliyeanguka? Hizi si zangu?" Yule kijana wa pale hakuwa na ubaya, alimpa maji ya kunywa, lakini mashine haikuwa na nafasi ya kuelezwa. Wakasema watangoja binti atume kutoka huko. Huko nako mwajiri alikuwa amemchukulia simu, ikawa kimya. Mikupuo ikapita haijachukuliwa, na mwishowe jina la Ami likasimamishwa, kwa sababu fedha zikikaa bila kuguswa anayeangalia kwenye kompyuta hajui kama mtu ni hai au amekufa.

Kusi ikamkuta hapo. Mkwewe aliyekuwa akijazia ile elfu moja naye akaambiwa na hoteli apumzike nyumbani hadi Julai. Mwenye nyumba ni mama mjane, kodi za vyumba vile ndizo anazolia ugali, na alivumilia kuliko wengi wangevyovumilia. Mwanawe ndiye aliyekuja siku moja asubuhi na fundi, wakang'oa mlango na bawaba zake wakaenda nao. Mvua ya kusi inapiga ubavu. Majirani tulitundika leso mbili pale mlangoni, usiku upepo ukazifunua, na godoro la Ami, ambalo haliwezi kuhamishwa na yeye mwenyewe, likalowa upande wa miguu ambayo hata haisikii baridi. Kidonda kilichomtoka baada ya hapo kilikawia kupona.

Mwisho wake ulikuwa wa karatasi. Mzee wa mtaa aliandika, chifu akatia muhuri, dadake akasimamishwa kama mlezi mpya, na baada ya kwenda na kurudi sana jina likafufuka. Ya nyuma hayakuja yote. Kile chumba alikwisha kukihama, yuko mtaa wa Muyeye sasa.

Kwa hiyo sikilizeni. Mlezi akipata safari, kazi ya mbali, ndoa ya mji mwingine, ujauzito mgumu au maradhi ya kulazwa, kabla ya kufunga begi nendeni naye kwa chifu na kwa afisa wa ustawi wa jamii, yeye na atakayemrithi, na vitambulisho asilia vya wote pamoja na cha mwenye ulemavu. Mlezi wa zamani akiwepo na akasema mwenyewe kwamba anamwachia fulani, mambo ni mepesi. Akiwa ameshapanda ndege ni mlima. Akifa, pelekeni taarifa mara tu matanga yakianuliwa, msingoje arubaini. Na fedha zikitoka, zichukuliwe kila mkupuo, hata kama mwezi huo mna za kutosha. Jina likikwama, laini ya bure ya malalamiko ni 1533. Pigeni, muandike tarehe na jina la aliyewajibu.

Kuhusu mwenye nyumba, mwambieni kabla ya tarehe. Aliyeambiwa tarehe ishirini na nane kwamba mwezi huu ni nusu hukasirika kidogo. Aliyejificha hadi tarehe kumi hutukanwa mlangoni. Mkikubaliana kulipa kidogo kidogo, andikeni, hata kwa mkono kwenye ukurasa wa daftari, muweke sahihi mbele ya mzee wa mtaa. Lipeni kwa simu ili ujumbe ubaki. Na mjue haki yenu: hakuna mwenye nyumba mwenye ruhusa ya kung'oa mlango, kuezua mabati au kutia kufuli lake kwa sababu anadai. Kutoa mpangaji kunahitaji amri. Kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi inalindwa na sheria ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, ambayo ina baraza lake maalum la kusikiliza kesi. Ikizidi hapo ni mahakama. Najua hamna nauli ya mahakama. Lakini nimeona mtu akitaja sheria kwa upole mbele ya chifu na mlango ukarudi jioni ile ile.

Msione haya kuomba mapema. Mkiwa Waislamu, nendeni kwa kamati ya msikiti mkalitaje deni kama deni, kwa sababu katika mafungu manane ya zaka wamo mafukara na masikini, na wamo pia wenye madeni. Wengi huenda Ramadhani wakaomba futari, la kodi wakalimeza. Makanisa nayo yana vikundi vya kusaidia, ila wanapenda kumjua mtu kabla hajafika na shida. Tairi, kiti au gongo likiharibika, ulizeni kwanza kwa afisa wa kaunti wa lile Baraza la Watu Wenye Ulemavu, kwani mfuko wa taifa wa watu wenye ulemavu hutoa vifaa hivyo. Msikimbilie kutoboa fedha ya kodi. Mchango wa SHA, bima ya afya ya serikali, nao uingizeni kwenye hesabu, kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, maana wiki moja ya wodini bila hiyo inakula kodi ya nusu mwaka.

Mikopo ya simu muiogope kwa kodi. Unalipa mwezi huu, mwezi ujao unadaiwa na wawili. Anayekuja nyumbani akisema atawaingiza kwenye orodha mkimpa kitu kidogo, mfukuzeni, kusajiliwa hakulipiwi. Anayepiga simu akisema fedha zenu zimekwama na anataka namba ya siri, kateni. Kitambulisho msimwachie mwenye duka kama rehani ya unga. Na siku ya malipo nendeni wawili, mapema, mrudi moja kwa moja nyumbani, mkipitia kwa mwenye nyumba kwanza.