Simbilisi Akipunguza Kula: Vitu vya Kuwa Navyo Kabla

Simbilisi hula mchana na usiku. Utumbo wake husukumwa na majani yanayoingia bila kukoma; yakikoma, mwendo hupungua, gesi hujaa, tumbo huuma, na maumivu hayo humzidishia kukataa chakula. Akimaliza saa 12 bila kula chochote, hiyo ni dharura. Ukisema utatafuta sirinji ya kumlishia asubuhi, huenda umechelewa. Kila kilichotajwa hapa kiwe nyumbani angali mzima.

Anza na mizani ya jikoni ya dijitali. Weka beseni juu yake, rudisha kwenye sifuri, mtie mnyama, kisha andika uzito kwenye daftari. Fanya hivyo mara moja kwa wiki, saa ileile. Mkubwa huwa na gramu 700 hadi 1,200. Gramu 20 au 30 hupanda na kushuka kwa sababu ya mkojo na chakula tu. Akipungua 50, mpime kila siku. Akipoteza 100, ni daktari siku hiyohiyo. Wanaofuga kadhaa katika banda moja wanaihitaji mizani zaidi, maana lundo la majani litaisha kama kawaida huku mgonjwa hajaonja hata jani. Tazama na kinyesi: vipunje vikiwa vidogo, vikavu na vichache kuliko jana, utumbo tayari umelegea.

Jifunze kumtofautisha asiyetaka kula na asiyeweza. Anayelikimbilia jani la dodo (mchicha), akalitia mdomoni kisha akaliangusha, ana njaa. Akiwa pia anachagua vilaini, anaacha majani ya tembo (nyasi ndefu za napia), na kidevu kimelowa mate, shaka iende kwenye meno. Anayo 20, na yote hukua maisha yake yote. Ya nyuma yakirefuka huweza kuufunga ulimi. Hayo huwezi kuyaona nyumbani, na kukata ya mbele kwa kikata kucha huyapasua.

Chanzo kingine ni vitamini C, ambayo simbilisi, kama binadamu, hawezi kuitengeneza mwilini. Mzima anahitaji miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Anayelishwa pumba za mahindi na nyasi kavu tu huanza kuumwa viungo ndani ya wiki chache, anasita kutembea, kisha anasusa chakula. Chunga sana kiangazi cha Desemba hadi Februari, nyasi mbichi zinapoadimika. Kipande cha pera cha gramu 10 kinatoa takriban miligramu 20. Pilipili hoho na sukuma wiki nazo zinafaa. Usiitie vitamini kwenye maji ya kunywa: mwanga huiharibu, na ladha yake huweza kumfanya asinywe.

Sasa kisanduku cha dharura. Weka sirinji mbili za mililita 1 na moja ya mililita 5, bila sindano, pelleti za simbilisi (chakula kikavu cha vipande vilivyoshindiliwa) zisizo na ukungu, na tembe za vitamini C za miligramu 100. Ponda pelleti, loweka kwa maji ya uvuguvugu mpaka ziwe kama uji mwepesi. Mshike akiwa amesimama kwa miguu yake yote, kamwe usimlaze chali. Pitisha sirinji pembeni, nyuma ya meno ya mbele, toa nusu mililita, ngoja atafune na kumeza. Ukiharakisha, uji huingia mapafuni. Kwa siku lenga mililita 50 hadi 80 kwa kila kilo, zigawanywe mara 5 au 6, usiku ukiwemo. Tembe moja iliyopondwa ndani ya mililita 5 za maji hutoa miligramu 20 kwa kila mililita. Mgonjwa wa kilo moja apewe mililita 1.5 hadi 2 kwa siku. Tumbo likiwa limevimba na gumu kama ngoma, usimlishe: mwahishe kwa daktari.

Dawa ndiyo sehemu inayotutia hofu kuliko zote. Penisilini, amoksilini na ampisilini, ambazo ni rahisi kupatikana, huua bakteria wema wa utumbo wa simbilisi na kuwaachia nafasi wale wanaotoa sumu. Anaweza kufa kwa dawa iliyomponya mbuzi. Duka la dawa za mifugo lisimchome simbilisi wako sindano kwa kukisia.

Tafuta mapema daktari wa mifugo aliyewahi kutibu simbilisi au sungura, na uhifadhi namba yake. Kwa walio Kampala, Chuo Kikuu cha Makerere kinafundisha tiba ya mifugo, na ni pa kuanzia kuulizia. Safari ya boda boda itake boksi lenye matundu, majani ndani, na kivuli: joto likipita nyuzi 27 linaweza kumwangusha. Jike mwenye mimba, hasa mnene aliye katika wiki mbili za mwisho, asingojewe hadi zitimie hizo saa 12. Akikataa mlo mmoja tu, ondoka naye.