Jinsi ninavyofuatilia moyo kwa damu kabla na baada ya oparesheni

Mimi ni mtu wa dawa za usingizi thieta, hapa Moshi. Kinachoniuma ni kwamba moyo ukiumia baada ya oparesheni mara nyingi mgonjwa halalamiki kifua, maana yuko kwenye dawa za maumivu na amelala, sisi tunapita raundi tunaandika anaendelea vizuri. Damu ndo inasema.

Kwanza chagua wa kumpima, hela za watu hizo. Umri 65 kwenda juu, au ana historia ya moyo, kiharusi, kisukari cha insulini, au kreatinini (kipimo cha figo) imevuka 177 µmol/L, na awe wa kulazwa.

Pili, kabla hajaingia thieta toa damu ya NT-proBNP, au BNP kama maabara yenu ina hiyo. Ni protini inayotoka moyo ukielemewa. Mwongozo wa Kanada wa 2017 unasema NT-proBNP ikifika 300 ng/L, au BNP 92, huyo afuatiliwe. Usichanganye mipaka hiyo jamani, mtu ana BNP 200 unamwita salama kwa mpaka wa NT-proBNP! Figo mbovu inaipandisha, unene unaishusha.

Tatu, na hapa nawaomba sana, chukua troponini (protini inayovuja kwenye damu msuli wa moyo ukiumia) KABLA ya oparesheni. Tulikuwa na bibi kavunjika nyonga, figo zake za shida, siku ya pili baada ya oparesheni troponini ikarudi iko juu na hatuna ya mwanzo ya kulinganisha, sasa ni ya figo siku zote au moyo umeumia jana? Tulihangaika usiku kucha kwa sababu ya tyubu moja tu ambayo hatukuitoa.

Nne, rudia troponini saa 24 na saa 48 baada ya oparesheni, andika na saa kwenye faili. Kwa troponini T ya hs (kipimo chenye unyeti mkubwa), 20 mpaka chini ya 65 ng/L ikiwa imebadilika kwa 5 au zaidi, au 65 kwenda juu, hesabu moyo umeumia. Mashine iwe ileile, troponini T na troponini I ni aina mbili, hazilinganishwi.

Ikipanda piga ECG (umeme wa moyo) hapohapo, angalia presha, mapigo, oksijeni, Hb (wingi wa damu), tafuta maambukizi, mwite daktari wa magonjwa ya ndani. Aspirini na statini (dawa za kushusha kolesteroli) zinasaidia wengi, ila aspirini ongea kwanza na aliyempasua kuhusu kutoka damu. Na kliniki ya moyo apangiwe tarehe kabla hajaruhusiwa, ndugu waelezwe kwa nini, mana yeye atasema mbona sina maumivu.