Waridi la petali sita: kuanza kuchora vekta kwa Inkscape

Kazi yangu ni mihuri, kadi za harusi, mabango na majina ya mashua. Niko Langoni, Lamu, chumba kimoja, laptopu ya mkono wa pili. Kabla ya hapo nilikuwa nikimshikia ami kazi za milango ya nakshi kule Mkomani, kwa hivyo nikianza kueleza mambo ya kompyuta mara nyingi najikuta nimeingia kwenye patasi na bikari. Utanivumilia.

Vekta nilijifunza kwa aibu. Timu moja ya mashua iliniagiza bango la mita 3 la kutundika siku ya mashindano. Nikalichora kwenye programu ya kurekebishia picha, likapendeza sana kwenye skrini, nikalituma Mombasa kuchapwa. Lilirudi ukingo wa tanga umekuwa ngazi. Nilipopiga hesabu nikaona kosa ni langu: picha yangu ilikuwa na upana wa pikseli 600 tu, yaani vile vijiraba vya rangi vinavyounda picha, na ukizitandaza 600 kwenye milimita 3,000 kila moja inakuwa mraba wa milimita 5. Mtu aliye upande wa pili wa barabara anazihesabu. Bango la pili nililipa mwenyewe.

Mchoro wa vekta hauna vile vijiraba. Ndani ya faili kuna maagizo tu: anzia hapa, pinda hivi, ishia pale. Ukiukuza kufikia ukubwa wa tanga, kompyuta inayafuata maagizo upya na ukingo unabaki safi. Ami naye hana picha ya waridi aliyoihifadhi popote. Anachokijua ni kufungua bikari, kuzungusha duara, kisha bila kubadilisha upana kutembeza ile bikari juu ya duara, nayo inapiga hatua sita kamili na kurudi ilipoanzia. Mlango mkubwa, kisanduku cha hina, njia ni hiyo hiyo. Waridi hilo ndilo tutakalolichora.

Natumia Inkscape, programu ya kuchorea vekta, kwa sababu ni ya bure na haiichoshi mashine yangu. Nitakutajia vitufe vya kibodi badala ya majina ya menyu, maana menyu huhamahama toleo hadi toleo. Na stima ya huku unaijua: hifadhi kwa Ctrl+S kila unapovuta pumzi.

Kabla ya waridi, fanya jaribio moja la dakika mbili. Bonyeza E, shika Ctrl na Shift pamoja, vuta mausi. Umepata duara lililokua kutoka katikati. Chini ya dirisha kuna safu ya rangi: ukibofya rangi unajaza ndani, ukibofya huku umeshika Shift unapaka mstari wa ukingo. Sasa bonyeza Shift+Ctrl+C ili duara ligeuke kuwa njia ya kawaida, yaani mstari wa nukta unaoweza kuzisogeza, halafu N. Angalia vizuri. Duara zima limesimama juu ya nukta nne tu: juu, chini, kushoto, kulia. Bofya nukta moja. Zinatokea fimbo mbili nyembamba zenye kichwa mwishoni. Hivyo ni vishikio. Nukta inasema mstari upite wapi, kishikio kinasema upite ukielekea wapi na kwa nguvu gani. Kwenye duara hili kila kishikio kina urefu wa zaidi kidogo ya nusu ya nusukipenyo, kama 0.55. Kivute kirefu, tumbo linafura. Kifupishe, linabonyea. Chezea hapo mpaka mkono uelewe. Ukielewa duara hili, kazi nyingine yote ni mazoezi.

Mipindo hii inaitwa ya Bézier, kwa jina la Pierre Bézier, mhandisi wa Renault huko Ufaransa aliyeitumia miaka ya 1960 kuchora mabodi ya magari. Paul de Casteljau wa Citroën alikuwa ameifikia hesabu hiyo hiyo mapema zaidi, ila kampuni yake iliificha. Mimi nikiona vishikio hukumbuka mafundi wa Matondoni wanavyoupinda ubao ubavuni mwa jahazi. Wanaubana sehemu chache, na katikati ubao unajitafutia mpindo wake wenyewe. Ukibana kila shubiri, unavunjika.

Haya, petali. Usichore petali nzima, maana jicho litakudanganya na upande mmoja utanenepa. Chora nusu. Bonyeza B kupata kalamu. Bofya mara moja chini, patakapokuwa kitovu cha waridi, na uachie. Kubofya na kuachia kunaweka nukta ya kona. Panda hadi mahali petali inapokuwa nene kabisa, upande wa kushoto. Hapo bofya lakini usiachie, vuta mausi juu kidogo, vishikio vitokeze, ndipo uachie. Hiyo ni nukta laini. Malizia kwa kubofya kwenye ncha ya juu, iliyo wima juu ya kitovu, kisha Enter. Nukta tatu, basi. Kama tumbo halikupendezi, N, vuta kishikio. Usiongeze nukta ya nne. Najua mkono utawasha.

Ukimaliza, S ya kuchagulia, Ctrl+D upate nakala, H uigeuze kama kioo. Washa kunasa, yaani nukta kushikana zenyewe zikikaribiana, kwa kitufe cha %, kisha sogeza nakala upande wa kulia huku umeshika Ctrl ili isipande wala kushuka, mpaka ncha zikutane na ncha. Chagua nusu zote mbili, Ctrl+K ziwe kitu kimoja. Ukiziangalia utadhani zimeshikana. Hazijashikana, zimekaribiana tu. Bonyeza N, zungushia kiboksi zile nukta mbili za juu, Shift+J. Halafu za chini, Shift+J. Sasa ndiyo petali, yenye nukta nne. Hatua hii ndiyo wanafunzi wangu wengi huiruka, halafu wanakuja kuniuliza kwa nini rangi inajaa vibaya.

Kuzungusha ni rahisi. Ukiwa kwenye S, bofya petali mara ya pili, mishale ya pembeni itapinda, na katikati utaona msalaba mdogo. Ukokote hadi kwenye ncha ya chini, pale kitovuni. Ctrl+D, shika Ctrl, zungusha mshale wa kona. Ctrl inaruka nyuzi 15 kwa mara moja, kwa hivyo miruko minne ni nyuzi 60. Rudia mpaka ziwe sita, ile ile hesabu ya bikari. Zichague zote, Ctrl na alama ya kujumlisha, ziungane kuwa umbo moja. Ukitaka pete ya nje, chora duara kwa E kutokea kitovuni.

Ami alipoliona la kwanza alilitazama muda, akasema limenyooka mno, halina mkono wa mtu. Sikubishana naye. Muhuri unataka lililonyooka.

Utasikia pia kuna njia ya mkato: unapiga picha mlango, unaileta kwa Ctrl+I, unabonyeza Shift+Alt+B, na programu inaufuatisha ukingo yenyewe. Kwa nembo ya rangi mbili iliyochapwa vizuri, sawa. Kwa mlango wa mbao wenye vivuli na vumbi la miaka, utapata nukta mamia, kila ufa una zake, na siku ukitaka kulainisha petali moja utalia. Ctrl+L hupunguza kiasi, lakini huharibu kona. Mimi naileta picha, naififisha, naifungia kwenye tabaka la chini isiguswe, kisha nachora juu yake kwa kalamu. Nusu saa badala ya nusu dakika, na silalamiki.

Kabla ya kutuma nje, ukingo wowote utakaokatwa na mashine ugeuze kuwa umbo kwa Ctrl+Alt+C, vinginevyo mashine hufuata mstari wa katikati na unene wake hupotea. Faili ya SVG, ile ya Inkscape yenyewe unayoweza kuirekebisha, ibaki kwako. Mchapaji mpe PDF. Na maandishi yageuze kuwa njia kwa Shift+Ctrl+C, ila kwenye nakala, kwa kuwa baada ya hapo huwezi tena kusahihisha herufi. Hili la maandishi nililisahau mara moja. Mchapaji hakuwa na fonti yangu, kompyuta yake ikaweka iliyoipata, na jina la mashua likarudi kwa herufi za tangazo la dawa ya panya. Mwenye mashua hakusema neno. Alichukua brashi na kopo la rangi nyeupe, akaliandika mwenyewe kwenye omo, na mpaka leo naliona likipita mbele ya forodha, zuri kuliko langu.