Rozari moja ya darasa zima, kila mtoto na shanga yake

Walimu wenzangu wa CRE (somo la dini ya Kikristo), Oktoba ndio mwezi wa Rozari, ile sala ya Wakatoliki inayohesabiwa kwa shanga, na wengi mwaniuliza tunafanya projekti gani na watoto wa gredi ya nne, basi leo niwaandikie hii yetu ya hapa Malindi. Ila kwanza nawaomba kitu kimoja, msiitume nyumbani tafadhali. Mimi mwaka wa kwanza niliituma, nikaambia kila mtoto aje na rozari aliyotengeneza mwenyewe, asubuhi zikaja za dukani, zingine mama kakesha nazo usiku, na kuna mtoto alikaa nyuma hanyanyui kichwa kwa sababu kwao hakukuwa na pesa ya shanga. Iliniuma sana. Tangu siku hiyo kila kitu twafanyia darasani na mzazi hanunui hata sindano.

Sasa ni hivi, hatutengenezi rozari nyingi, ni moja tu, kubwa, ya kutundika ukutani. Waache watoto wapige hesabu wenyewe: makumi matano ya Salamu Maria ni 50, ongeza zile 3 za mwanzo ni 53, na Baba Yetu ni 6, jumla shanga 59. Darasa la watoto 50 kila mmoja ana shanga yake, wakipungua wengine watatengeneza mbili. Zile 3 za mwanzo sisi huwapa mpishi, askari wa geti na mwalimu wa darasa, na mpishi wetu alifurahi jamani, alikuja mwenyewe kuuliza yake iko wapi.

Gawanya darasa makundi matano, kila kundi lina kumi moja (yaani shanga kumi za Salamu Maria) na bara moja. Hapa tunafuata rozari ya kimisionari ya Askofu Fulton Sheen wa Marekani, ya 1951, kijani ni Afrika, nyekundu Amerika, nyeupe Ulaya, buluu Oseania, manjano Asia. Wale wa Utoto Mtakatifu (chama cha kimisionari cha watoto Wakatoliki) huwa washaijua, waache wawafundishe wenzao, mtoto humuelewa mtoto mwenzake haraka kuliko sisi.

Vifaa: kalenda kuukuu za ukutani, rula, makasi, penseli, chelewa za ufagio, rangi ya maji, mshipi wa kuvulia ule mnene, na uji wa unga wa ngano badala ya gundi (vijiko vitatu vya unga kwa kikombe cha maji, upikwe mpaka uwe mzito, uache upoe).

Chukua karatasi ya upana wa sentimita 40, ikate urefu wa 30. Juu weka alama kila sentimita 4, chini pia kila sentimita 4 lakini anza na 2, halafu unganisha alama kwa mistari ya mshazari. Utapata pembetatu 10 nzima zimeelekea chini na 9 zimeelekea juu, kwa hiyo karatasi moja inatosha kundi zima na za kuharibu zipo. Hapo hesabu ya pembetatu umeshaifundisha bila wao kujua.

Kusokota ndio penye kazi. Anza upande mpana, izungushe kwenye chelewa, picha ikae ndani na weupe nje, mzunguko wa kwanza usipake uji kabisa, ukipaka shanga itagandamana na chelewa na haitoki. Baada ya hapo paka kidogo kidogo mpaka kwenye ncha, ncha ikae katikati. Chomoa chelewa, anika barazani mpaka zikauke kabisa, rangi ni siku ya pili, na jina linaandikwa pale pale penye ncha.

Shanga 6 za Baba Yetu twatumia vipande vya kifuu cha nazi, fundi seremala jirani hututobolea na hutupa na kipande cha mbao cha msalaba. Kufunga mshipi mpe mtoto wa mvuvi, hakosekani darasani, fundo la kawaida kwenye nailoni hulegea lakini yeye anajua la baharini.

Watoto Waislamu tunao wengi na hii haiwatengi ukiifanya kwa heshima. Mmoja alituletea tasbihi ya babu yake, tukahesabu 99, akatueleza mwenyewe inavyotumika, darasa lilinyamaza kimya wanamsikiliza. Kukata na kusokota wanafanya wakitaka, ongea na wazazi wao mapema, kusali halazimishwi mtu.

Mkipata nafasi watembezeni mpaka lile kanisa dogo la Wareno kule karibu na mnara wa Vasco da Gama. Mtakatifu Fransisko Ksaveri, mmisionari, alipita hapa Malindi 1542 akienda India, wakamzika huku mwenzao mmoja wa safari. Watoto wakisimama pale na bahari iko mbele yao, ile shanga ya manjano ya Asia wanaielewa vingine.

Kusali usiwachoshe, kumi moja kwa siku, Jumatatu mpaka Ijumaa rozari imeisha. Kila mtoto anashika shanga yake na kuanza Salamu Maria, wengine wanaitikia. Na kama mwenye shanga anaumwa hajaja shule, tukifika pale wenzake wanataja jina lake kwanza, halafu darasa zima tunamsalia.