UPS ya flaiwili: swichi ikiwa chini, umeme bado upo ndani

Ukihudumia UPS (mashine inayoshikilia umeme pale wa gridi unapokatika) inayotumia flaiwili, yaani gurudumu zito linalohifadhi nishati kwa kuzunguka, badala ya betri, usiridhike kwa kuona swichi kuu imeshushwa. Gurudumu bado linazunguka ndani ya chumba chake kilichonyonywa hewa, na mota iliyokuwa ikilizungusha sasa inafanya kazi ya jenereta. Ndiyo inayolisha bodi za udhibiti, na kwenye mashine zenye beringi za sumaku, inazilisha na hizo ili gurudumu lisidondoke likiwa kwenye kasi. Maana yake basbaa (vipande vya metali vinavyopitisha umeme) za DC, yaani umeme wa mkondo mnyoofu, zina volti za kuua, na kapasita, vifaa vinavyohifadhi chaji, nazo zimejaa. Ngoja kasi isome sifuri na muda uliowekwa na mtengenezaji upite, kisha pima DC mwenyewe kwa mita: chanya kwa hasi, halafu kila upande kwa ardhi. Taa ya paneli kuzimika si ushahidi.

Na betri ya kuwashia jenereta ya dizeli isisahaulike. Flaiwili hubeba mzigo kamili kwa sekunde chache tu, mara nyingi 15 hadi 30. Jenereta hiyo ya dizeli ikigoma kuwaka ndani ya muda huo, jengo zima linazimika. Pima volti za betri hiyo wakati stata (mota ya kuwashia) inazungusha injini, si ikiwa imetulia kwenye chaja.