Uraibu wa tumbaku kwenye faili: maelezo kwanza, msimbo baadaye

Wenzangu wa zahanati na vituo vya afya vya Tanga, Pangani na Muheza, faili nyingi zimeandikwa "anavuta sigara", basi. Kwa maneno hayo karani hawezi kuweka msimbo wa uraibu, yaani alama ya herufi na tarakimu inayotaja tatizo la mgonjwa, na mgonjwa anarudi nyumbani bila kuhesabiwa wala kusaidiwa.

Hatua ya 1. Uliza tumbaku ya kila namna. Bibi wa Chumbageni atakujibu "sivuti" na atakuwa amesema kweli, kumbe tambuu yake haikosi tumbaku. Mvuvi naye anabwia ugoro. Uliza kwa adabu: "Bibi, tambuu yako unatia na tumbaku?"

Hatua ya 2. Andika kiasi na miaka. Sigara 10 kwa siku kwa miaka 30 ni sawa na pakiti ya sigara 20 kila siku kwa miaka 15. Kwa ugoro na tambuu, andika ni mara ngapi kwa siku.

Hatua ya 3. Thibitisha uraibu. Hapa msiharakishe, ndipo kazi ilipo. ICD-10, orodha ya misimbo ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani (WHO), inataka dalili 3 au zaidi kati ya 6 ndani ya mwaka uliopita: hamu kali, kushindwa kujizuia, kusumbuka anapoikosa, kuhitaji kiasi kinachozidi kupanda, kuacha shughuli nyingine kwa ajili yake, na kuendelea huku akijua inamdhuru. Andika ulizozikuta, kwa maneno yake mwenyewe. Anayewasha sigara ndani ya dakika 5 baada ya kuamka, uraibu wake ni mzito, nalo liandike.

Hatua ya 4. Weka msimbo. Uraibu ni F17.2. Anayetumia bila uraibu, Z72.0. Ukimpa ushauri wa kuacha, ongeza Z71.6.

Maswali

Mwalimu, nimeona F17.210 mahali. Ni ipi?
Hiyo ni ya toleo la Marekani, linalotenganisha sigara na tumbaku ya kutafuna. Katika toleo la WHO andika F17.2, aina ya tumbaku ieleze kwenye faili.

Na aliyekwisha kuacha miaka mingi?
Z86.4, yaani historia. Usimwachie F17.2 ya zamani.

Mama mmoja alikuja na mkwewe, akakataa kujibu. Niandike hatumii?
Hapana, dada. Mwombe mkwe asubiri nje, umuulize tena. Akinyamaza bado, andika "hakujibu", na hudhurio lijalo uulize upya.