Namna ya kuchambua ushawishi katika istiara ya kisiasa: mfano wa Kusadikika

Mwanafunzi mmoja aliniletea insha kuhusu Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert ambayo ni istiara, yaani hadithi inayosimulia jambo moja huku ikilenga jingine; ilikuwa na jedwali safi la wahusika na watu wanaowakilishwa nao, lakini hakuweza kueleza kwa nini msomaji ashawishike. Utaratibu tulioufuata ni huu.

Hatua ya kwanza. Soma riwaya yote kabla ya kufungua mwongozo wowote wa mitihani. Penseli inatosha.

Hatua ya pili. Iweke kazi katika wakati wake. Ilitoka mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, naye Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa serikali hiyohiyo; Kusadikika, nchi ya kubuni inayoelea angani, ilimpa pazia la kuusema utawala.

Hatua ya tatu. Tafuta mahali ambapo msomaji anatoa hukumu kabla hajamtambua anayehukumiwa. Karama, aliyeshtakiwa na Waziri Majivuno kwa kufundisha uanasheria, haisifu sheria, bali anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, mbinguni na ardhini zikiwamo, wakarudi na mambo ya manufaa kisha wakatupwa gerezani. Kabla wajumbe hawajaisha, msomaji amekwisha kuukataa utawala usiosikiliza bila kuambiwa aukatae, na uamuzi aliojifikia mwenyewe atauonea taabu kuukana atakapogundua kwamba unaihusu nchi anayoishi. Hata hivyo, usilazimishe kila mhusika awe na mwenzake katika historia: Majivuno si gavana fulani, ilhali Napoleon, nguruwe mtawala katika Shamba la Wanyama ya George Orwell, hatenganishiki na Stalin, mtawala wa Urusi ya Kisovieti. Vilevile, usiwafupishe wajumbe sita wakawa mmoja, kwa sababu adhabu ileile inaporudiwa ndipo inapogeuka kutoka mkasa kuwa ushahidi. Kuhusu majina yanayotaja tabia za wahusika, wapo wanaoyatetea kama urithi wa hadithi za maadili, na hoja yao ina uzito. Mimi naona mshtaki aitwaye Majivuno amekwisha kushindwa kesi kabla shahidi hajasimama, jambo linalopunguza nguvu ya mbinu yenyewe.

Hatua ya nne. Isome tena ukijifanya mtawala anayelengwa. Anaweza kusema kwamba haya si yake, maana pazia lililomkinga mwandishi linamkinga na yeye pia. Lakini mwishoni mfalme anaamuru Karama na wafungwa waachiliwe, kwa hiyo mtawala anayesoma amewekewa kiti cha heshima cha kukalia: cha mfalme aliyesikiliza, si cha waziri aliyeshtaki.